Kufuta madai ya ugoni katika Sheria ya Ndoa: namna ya kuandika hoja na kifungu kitakachosimama

Sheria ya Ndoa ya Tanzania Bara, Sura ya 29, inampa mume au mke haki ya kumfungulia mtu wa tatu shauri la madai kwa mambo mawili: kufanya ugoni na mwenzi wake, na kumshawishi mwenzi wake aondoke. Mwongozo huu ni wa wasaidizi wa kisheria, mashirika, wanafunzi wa sheria na watumishi wa ofisi za wabunge wanaotaka madai hayo yaondolewe. Hatujadili hapa kama ugoni ni jambo jema. Si jema, na hakuna anayetakiwa kusema vinginevyo ili kufuta kesi hizi. Swali ni kama mahakama iendelee kupima kwa shilingi mapenzi yaliyopotea, na kumtoza mtu ambaye hakuwahi kumuahidi mdai chochote.

Kazi hii huharibikia zaidi mahali pamoja. Watu huandika "kifungu cha 72 kifutwe", wakaweka kalamu chini. Kifungu kikifutwa peke yake, dai linaweza kurudi kupitia mila, kupitia sheria ya zamani ya Uingereza, au kwa jina jipya. Kwa hiyo sehemu kubwa ya yafuatayo inahusu maneno ya kuandika, na sababu ya kila neno.

Soma vifungu vyenyewe kwanza, na toleo sahihi

Namba tunazotumia ni za Toleo la 2019. Toleo la 2023 la sheria zote za nchi lilianza kutumika tarehe 1 Julai 2025, hivyo kabla ya kuandika neno lolote lichukue toleo hilo ulinganishe namba kifungu kwa kifungu. Andiko lenye namba isiyolingana na sheria iliyopo mezani hurudishwa bila kusomwa hoja yake, na mwandishi hupoteza miezi kwa kosa la nusu saa.

Kifungu cha 72 kinaruhusu fidia dhidi ya mtu aliyefanya ugoni na mume au mke wa mdai. Shauri hutupwa ikiwa mdai aliridhia au alifumbia macho, au ikiwa mdaiwa ataithibitishia mahakama kwamba hakujua, na hata kwa kuuliza kwa kadiri ya kawaida asingejua, kwamba mwenzake ana ndoa. Kifungu cha 73 kinaruhusu fidia dhidi ya yeyote aliyemshawishi mwenzi amwache mdai, kwa sababu yoyote. Shauri hutupwa ikiwa mahakama itaridhika kwamba mwenendo wa mdai mwenyewe ulimpa mwenzi wake sababu ya kuondoka. Kifungu cha 74 kinasema fidia ni kwa busara ya mahakama lakini isiwe na sura ya adhabu, na kwamba mahakama izingatie mila za jamii ya wahusika na, kwa ugoni, kama wanandoa walikuwa wanaishi pamoja au wametengana.

Isome Sehemu nzima, kuanzia kifungu cha 69. Mwanzoni mwake kuna kuvunja ahadi ya ndoa na kurudisha zawadi za uchumba. Hayo usiyaguse. Ni ugomvi wa watu wawili walioahidiana, hauna mtu wa tatu, na ukiuchanganya na hoja yako utajiongezea wapinzani wasiokuhusu. Pale ambapo kifungu kimoja kinataja madai ya Sehemu yote kwa pamoja, ondoa marejeo ya 72 na 73 tu.

Sheria hii haitumiki Zanzibar. Usiandike "Tanzania nzima".

Kifungu cha 73 ndicho hatari zaidi, na ndicho kinachosahauliwa

Mazungumzo ya mtaani ni ya ugoni, fumanizi na aibu yake. Wanaoandika maoni nao huishia hapo. Lakini tazama kwa karibu maneno ya kifungu cha 73: mtu yeyote, kwa sababu yoyote. Mwanamke anapigwa, kaka yake anamwambia "njoo nyumbani, usirudi huko". Kaka huyo ameshawishi. Mama aliyemwambia mwanawe afungashe, jirani aliyemsindikiza stendi, msaidizi wa kisheria aliyemshauri aondoke kabla hajaumizwa, shirika lililomhifadhi: wote wanaingia katika maneno hayo. Kinga ipo, kwamba mdai mwenyewe ndiye aliyesababisha. Ila kinga hiyo inamfikia mdaiwa akiwa tayari ameshaitwa mahakamani, na anayeielezea vizuri ni mwanamke ambaye huenda amejificha na hataki kuonekana.

Hoja hii iweke mbele ya ile ya ugoni. Inaeleweka na watu wa dini zote, haimlazimishi mbunge kuonekana anatetea zinaa, na inaonyesha kwamba tatizo haliko kwenye matumizi mabaya peke yake bali kwenye maneno ya sheria.

Kukusanya mashauri

Usiende na hisia. TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania, ina hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani bila malipo. Tafuta kwa maneno "ugoni", "fidia ya ugoni" na namba za vifungu, kisha rudia kwa maneno ya Kiingereza, kwa kuwa hukumu nyingi za miaka ya nyuma ziliandikwa kwa lugha hiyo. Kwa kila shauri jaza safu hizi: mahakama lilikoanzia, mwaka, jinsia ya mdai na mdaiwa, kiasi kilichodaiwa, kiasi kilichotolewa, aina ya ushahidi, na rufaa iliishaje. Majina usiyaweke kwenye jedwali lako kabisa. Wahusika wameshaaibika mara moja.

Mashauri 30 hadi 50 yanatosha kuonyesha mwelekeo. Hayatoshi kudai asilimia za nchi, kwa sababu kesi nyingi za ugoni huanzia Mahakama ya Mwanzo na huishia hapo bila kupandishwa mtandaoni. Unachokiona TanzLII ni zile zilizokatiwa rufaa, yaani zile ambazo mmoja hakuridhika na alikuwa na nauli. Ukitaka za Mahakama ya Mwanzo, omba kwa barua kibali cha kupitia majalada masijala, ukitaja kipindi cha miaka unachotaka na namna utakavyolinda majina. Barua isiyotaja kipindi hukaa mezani.

Safu ya ushahidi ndiyo itakayokupa hoja nzito. Ugoni haufanyiki hadharani, kwa hiyo mdai hulazimika kuutafuta: kufungua simu ya mwenzi na kupiga picha meseji, kuchapisha mazungumzo ya WhatsApp, kukusanya miamala ya fedha kwa simu, kuita mjumbe na majirani wavunje mlango, kurekodi video watu wakiwa uchi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia kwenye kifaa cha mtu bila ruhusa, na Katiba ibara ya 16 inalinda faragha. Hapo sheria moja inamuahidi mtu fidia akileta ushahidi ambao sheria nyingine inamzuia kuupata. Weka mgongano huo kwenye aya moja fupi, na mfano mmoja kutoka kwenye jedwali lako.

Safu ya kiasi nayo ichunguze. Kifungu cha 74 kinakataza fidia ya kuadhibu, kwa hiyo uliza: basi kinacholipwa ni hasara ipi? Na kwa kuwa mahakama inatakiwa kuzingatia mila za jamii ya wahusika, tendo lile lile linaweza kuwa na bei tofauti kwa kabila tofauti, mbele ya Katiba ambayo ibara yake ya 13 inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria.

Kwa nini kufuta hakutoshi

Dai likifutwa kienyeji linaweza kurudi kwa njia tatu.

Ya kwanza ni mila. Sura ya 358, sheria inayopanga ni sheria zipi zitumike mahakamani, inasema kanuni za kimila na za Kiislamu hazitatumika katika jambo ambalo Sheria ya Ndoa imeliwekea masharti. Sasa fikiria umefuta vifungu vya 72 hadi 74 na hukuweka kitu. Wakili wa upande wa pili atasimama aseme: ugoni si tena jambo lililowekewa masharti na Sheria ya Ndoa, kwa hiyo mila imerudi kazini, pamoja na faini zake za ng'ombe na za fedha. Utamjibu kwamba Sura ya 1, Sheria ya Tafsiri ya Sheria, inasema kufuta sheria hakufufui kilichokuwa kimekufa, na pengine utashinda. Lakini utashindia Mahakama ya Rufani, baada ya miaka, wakati Mahakama za Mwanzo zimeshatoza watu wengi ambao hawakukata rufaa.

Ya pili ni sheria ya Uingereza. Tanzania ilipokea kanuni za huko kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na wakati huo mume wa Kiingereza alikuwa na haki ya kudai dhidi ya aliyemshawishi mkewe aondoke na hata dhidi ya aliyemhifadhi. Uingereza yenyewe ilifuta madai hayo kwa sheria ya mwaka 1970 iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1971, miezi minne tu kabla Sheria ya Ndoa yetu haijaanza kutumika tarehe 1 Mei 1971. Ila mabadiliko ya huko baada ya 1920 hayakufuti kilichopokelewa hapa. Lazima ukitaje.

Ya tatu ni jina jipya. Katika majimbo ya Marekani yaliyofuta madai haya, wadai walirudi na kesi za "kusababishiwa maumivu ya moyo kwa makusudi" zenye maelezo yale yale, mistari ile ile. Mahakama zililazimika kutazama kiini cha dai badala ya kichwa chake. Kifungu chako kiseme hivyo mapema.

Kwa hiyo usiache nafasi tupu. Badala ya 72 hadi 74, weka kifungu kipya kinachosema waziwazi kwamba dai halipo.

Kifungu cha mfano

Tangu marekebisho ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria, hivyo andika muswada wako kwa Kiswahili moja kwa moja. Hiki hapa cha kuanzia:

*72.–(1) Hakuna mtu atakayekuwa na haki ya kufungua shauri la kudai fidia, malipo au nafuu nyingine yoyote dhidi ya mtu ambaye si mume au mke wake kwa sababu kwamba mtu huyo–*
*(a) alifanya ugoni na mwenzi wa mdai;*
*(b) alimshawishi, alimshauri au alimsaidia mwenzi wa mdai kuondoka au kutorudi katika nyumba ya ndoa;*
*(c) alimpokea, alimhifadhi au alimpa mahitaji mwenzi wa mdai, au*
*(d) alisababisha mapenzi au ukaribu wa mwenzi wa mdai kupungua au kwisha.*

*(2) Kifungu kidogo cha (1) kitatumika iwe dai limeegemea sheria iliyoandikwa, sheria ya kimila, sheria ya Kiislamu au sheria ya Uingereza iliyopokelewa, na bila kujali jina ambalo dai limepewa, ikiwa kiini chake ni jambo lililotajwa katika kifungu kidogo hicho.*

*(3) Kifungu hiki hakitazuia–*
*(a) ugoni kutolewa kama ushahidi kwamba ndoa imevunjika;*
*(b) shauri la kurejesha mali iliyotolewa au kuhamishwa isivyo halali, au*
*(c) shauri la jeraha la mwili, kashfa, udanganyifu kuhusu mali, au ukiukaji wa wajibu wa kitaaluma kwa mtu aliyehudumiwa.*

*(4) Makubaliano yoyote ya kulipa fedha au kutoa mali ili shauri la aina iliyotajwa katika kifungu kidogo cha (1) lisifunguliwe ni batili, na kilichotolewa kinaweza kudaiwa kirejeshwe.*

*(5) Kifungu hiki hakitaathiri shauri lililofunguliwa kabla ya tarehe ya kuanza kutumika kwake.*

Maneno "mtu ambaye si mume au mke wake" yamechaguliwa kwa makusudi. Ukiandika "mtu aliye nje ya ndoa", kwenye ndoa ya wake wengi atabaki swali mke mwenza: yuko ndani au nje? Mke mkubwa asije akamfungulia mke mdogo shauri la kumvuta mume.

Aya ya (c) ya kifungu kidogo cha (1) inaonekana kama inarudia (b). Hairudii. Kuna anayemshauri mtu aondoke, na kuna ambaye hakumshauri, alifungua tu mlango usiku alipobisha. Wa pili ndiye aliyekuwa akiandamwa na dai la zamani la kuhifadhi. Ireland ilipofuta madai ya namna hii mwaka 1981 ilitaja ugoni, kushawishi na kuhifadhi, kila kimoja kwa jina. Fuata mfano huo.

Kifungu kidogo cha (3) ndicho kitakachookoa muswada kamatini. Bila aya (a), mtu atauliza kama unafuta kifungu cha 107, kinachofanya ugoni kuwa moja ya dalili za ndoa iliyovunjika. Aya (b) inajibu swali la mume aliyemjengea hawara nyumba kwa fedha za familia: kifungu cha 59 tayari kinazuia nyumba ya ndoa kuuzwa au kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi, na haki hiyo ibaki kamili. Aya (c) inamhusu, kwa mfano, daktari au mshauri wa ndoa aliyemtumia vibaya mgonjwa wake. Angalia mwisho wake: "kwa mtu aliyehudumiwa". Ukiyakata maneno hayo, mume ambaye hakuwa mgonjwa atajaribu kupitia hapo.

Usiongeze "maumivu ya kihisia" kwenye orodha ya (3). Wapo watakaokushauri hivyo kwa nia njema. Maneno hayo yanarudisha kila kitu ulichofuta.

Kifungu kidogo cha (4) kinahusu malipo yanayomalizwa bila kufika mahakamani. Fumanizi nyingi huishia kwenye karatasi iliyoandikwa kwa mkono mbele ya mjumbe: fulani amekubali kulipa kiasi fulani kwa awamu. Nguvu ya karatasi hiyo ni tishio la kesi. Kesi ikifutwa na karatasi ikabaki halali, umemwondolea hakimu kazi na kumwachia anayetishia.

Mashauri yaliyo mahakamani tayari

Hapa kuna njia tatu za kuchagua. Unaweza kulinda kila dai la tendo lililofanyika kabla ya sheria mpya, hata kama halijafunguliwa. Unaweza kulinda yaliyofunguliwa tu. Unaweza kuua yote. Ya kwanza inaacha kesi ziendelee kufunguliwa kwa miaka. Ya tatu inakaribisha pingamizi la kikatiba kwamba umemnyang'anya mtu haki aliyoanza kuidai. Tunapendekeza ya pili, ndiyo iliyo kwenye kifungu kidogo cha (5). Hukumu zilizokwisha kutolewa ziache, na usiweke miezi mingi kati ya kutangazwa kwenye Gazeti la Serikali na kuanza kutumika: muda mrefu ni mwaliko wa kufungua kesi za haraka na kutuma barua za vitisho.

Jimbo la Illinois ni somo la kuandika kwa pupa. Lilifuta madai haya kwa sheria ya mwaka 1935, na mwaka 1946 Mahakama ya Juu ya jimbo ikaibatilisha katika shauri la Heck dhidi ya Schupp kwa kuwa iliwafungia watu mlango wa mahakama kinyume cha katiba ya jimbo. Ikabidi wasubiri hadi tarehe 1 Januari 2016 ndipo madai yakafutika kweli. Kwetu, ibara ya 13 inalinda haki ya mtu kusikilizwa. Jilinde kwa kueleza kwenye "Madhumuni na Sababu" kwamba muswada haumzuii mtu kwenda mahakamani. Unasema tu kwamba jambo hili si kosa la madai. Kisha taja nafuu zinazobaki: talaka, mgawanyo wa mali chini ya kifungu cha 114, matunzo chini ya 115, na malezi ya watoto.

Tena usiweke adhabu ya jinai kwa anayefungua kesi. New York ilifanya hivyo mwaka 1935. Haina msaada, na inawapa wapinzani wako picha ya mjane wa mapenzi akipelekwa gerezani.

Ipelekwe wapi

Njia inayofaa zaidi kuanzia ni Tume ya Kurekebisha Sheria na Wizara ya Katiba na Sheria kwa wakati mmoja. Andiko lisizidi kurasa 6. Ukurasa wa kwanza uwe na ombi na kifungu chenyewe. Wanaosoma maandiko haya husoma ukurasa wa kwanza kwa makini na mengine kwa haraka. Kurasa mbili za hoja, moja ya jedwali la mashauri, moja ya majibu ya pingamizi, na ya mwisho jedwali la safu mbili: kifungu kilivyo leo, na kitakavyokuwa.

Muswada wa Marekebisho ya Sheria Mbalimbali ndio gari la kawaida la mabadiliko madogo kama haya. Ukitangazwa na kupelekwa kamatini, wadau huitwa kutoa maoni kwa muda mfupi sana. Kuwa na andiko lako tayari kabla ya tangazo. Muswada binafsi wa mbunge unawezekana, na kwa kuwa pendekezo hili halitozi kodi wala halitoi fedha kwenye Mfuko Mkuu, halikwami kwenye ibara ya 99. Ila mbunge anayeubeba atahitaji uungwaji mkono wa pande zote, na asiachwe peke yake na kelele za "mbunge wa wazinzi".

Njia ya mahakama iwe ya akiba. Marekebisho ya mwaka 2020 ya Sura ya 3, sheria ya utekelezaji wa haki za msingi, yalimtaka mwombaji wa shauri la kikatiba aonyeshe kwa kiapo namna jambo lilivyomgusa yeye mwenyewe. Yalilizuia shirika kuja kwa niaba ya umma kama zamani. Anayefaa ni mtu aliyewahi kudaiwa chini ya 72 au 73. Usianze na hoja ya ubaguzi wa kijinsia. Uganda iliweza mwaka 2004 kwa sababu sheria yake ya talaka ilimpendelea mume waziwazi. Cha kwetu kinasema "mume au mke". Anza na faragha na utu. Ndizo zilizobeba uamuzi wa Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini katika DE dhidi ya RH, Juni 2015, uliofuta dai la ugoni: kwamba ndoa hushikiliwa na wanandoa wenyewe, na fidia kutoka kwa mtu wa tatu haiiokoi. Soma pia upande wa pili: Mahakama Kuu ya Zimbabwe ilikataa kufuta dai hilo mwaka 2016. Serikali italeta uamuzi huo, nawe uwe umeshaujibu.

Na ushindi mahakamani si mwisho. Katika shauri la Rebeca Gyumi kuhusu umri wa kuolewa, Mahakama ya Rufani tarehe 23 Oktoba 2019 iliikatalia Serikali rufaa, vifungu vikatakiwa kurekebishwa ndani ya mwaka mmoja. Mwaka ulipita havijarekebishwa. North Carolina inatoa onyo lingine: Mahakama ya Rufaa ya jimbo ilitangaza mwaka 1984 kufuta madai haya, Mahakama ya Juu yake ikautengua uamuzi huo mwaka 1985 kwa kuwa wa chini hawana mamlaka ya kufuta kilichowekwa na wa juu. Madai yapo huko mpaka leo, na juri zimewahi kutoa mamilioni ya dola.

Pingamizi utakazokutana nazo

"Mnahalalisha zinaa." Jibu fupi: ugoni unabaki sababu ya talaka, na hakuna dini inayoguswa. Usiende mbele zaidi ya hapo, mjadala wa maadili hauna mwisho.

"Aliyeumizwa atafidiwa na nani?" Hapa usidanganye. Mtu wa tatu hatalipa chochote, na kwa mdai hiyo ni hasara ya kweli. Sema hivyo, halafu eleza kwamba aliyevunja ahadi ni mwenzi, na kwake sheria ina mengi: mali, matunzo, watoto.

"Watu watajichukulia sheria mkononi." Ndiyo pingamizi nzito kuliko zote, na usiijibu kwa takwimu usizonazo. Onyesha kutoka kwenye jedwali lako kwamba kesi hizi zinahitaji fumanizi kama ushahidi, yaani zinawapeleka watu wenye hasira mpaka mlangoni pa chumba. Taja pia kwamba shambulio na mauaji yana sheria yake, haiguswi.

"Ni mila zetu." Mila ilishawekwa kando katika mambo ya Sheria ya Ndoa tangu 1971. Unachoomba ni hatua moja zaidi katika njia ile ile.

Sheria ikishapita

Pekua Kanuni za Mashauri ya Ndoa na fomu zake. Popote panapomruhusu mwombaji wa talaka kumuunganisha mtu wa tatu ili amdai fidia, paondolewe kwa tangazo la Waziri au Jaji Mkuu, kulingana na nani aliyezitunga. Fomu isiyobadilishwa huendelea kujazwa. Omba waraka kwa mahakimu wa Mahakama za Mwanzo, ukiwa na nakala ya kifungu kipya, maana huko ndiko madai yanakofunguliwa na karani wa masijala ndiye wa kwanza kuyapokea. Mabaraza ya usuluhishi ya ndoa na ya kata yapewe nakala hiyo hiyo, pamoja na maelezo ya kifungu kidogo cha (4), ili wasiandikishe tena watu mikataba ya kulipana.

Wasaidizi wa kisheria nao wawe na karatasi moja ya kumkabidhi mtu aliyetumiwa barua ya madai: kifungu chenyewe, tarehe kilipoanza kutumika, na sentensi ya kujibu barua hiyo.